Paka Mwenye Hofu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Dawa



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya maji safi, vyoo, malaria na chakula cha watoto. Leo tutazungumza juu ya paka. Usicheke. Paka ana sehemu yake katika afya ya nyumba.

Mkulima hulima, hupalilia, huvuna na kuweka mahindi yake ghalani. Usiku panya huja. Panya hula nafaka. Hukojoa na kunya ndani ya magunia. Tena huleta magonjwa. Paka aliye mzima hupunguza panya hao bila sumu na bila gharama kubwa. Kwa hiyo paka akiharibika, nyumba nzima hupata hasara.

Huenda umeona jambo hili nyumbani kwako. Paka alikuwa mpole. Alilala karibu na meko na watoto walimshika bila taabu. Sasa amebadilika. Mchana kutwa anajificha uvunguni. Anakojoa juu ya nguo. Akiguswa anatoa kucha. Mtu mmoja nyumbani anasema, "Huyu paka ana wazimu." Mwingine anasema, "Mpe kidonge atulie."

Hapo ndipo penye hatari. Kidonge hicho kinaweza kumwua paka. Na kama paka huyo ana ugonjwa wa kichaa, yeye naye anaweza kumwua mtu. Kwa hiyo tusome pole pole, tuelewe, kisha tutende.

KWA NINI PAKA HUOGOPA UPESI

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori. Paka pori wangali wanaishi katika mbuga na misitu ya Afrika Mashariki. Yeye ni mnyama mdogo anayewinda peke yake. Anakula panya na ndege. Lakini yeye mwenyewe huliwa na wanyama wakubwa kuliko yeye. Kwa hiyo amezaliwa na tabia mbili: kuwinda na kujificha.

Paka alianza kuishi na watu zamani sana, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka. Panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba wameona kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka katika kisiwa cha Kupro. Kaburi hilo lilikuwa na umri wa miaka kama 9,500. Lakini katika miaka hiyo yote, paka hakuacha tabia yake ya kujificha.

Paka hupenda mambo yale yale kila siku. Anajua njia zake, mahali pa kulala, na saa ya kula. Vitu vikibadilika ghafula, anaingiwa na hofu. Haya ni baadhi ya mambo yanayomtia paka hofu:

1. Kuhamia nyumba mpya.
2. Mbwa mgeni au paka mgeni.
3. Mtoto anayemvuta mkia au kumkimbiza.
4. Kelele za ngoma, radi, fataki au mashine ya kusaga.
5. Kupigwa.
6. Kufungwa ndani ya gunia na kusafirishwa.
7. Njaa, au chakula kisicho na saa maalumu.
8. Maumivu mwilini.

Kumbuka hilo la mwisho. Paka hawezi kusema, "Tumbo linaniuma." Yeye hujificha, au huuma mtu anayemgusa. Hata paka anayekoroma kwa raha, usidhani daima kwamba ana raha. Paka wengine hukoroma hivyo wakiwa na maumivu.

DALILI ZA HOFU

Mtazame paka wako kwa makini. Paka mwenye hofu hulaza masikio nyuma. Mboni za macho yake hupanuka hata mchana. Huinama chini na kukunja mkia. Manyoya ya mgongo na mkia husimama. Hofu ikikaa siku nyingi, paka hula kidogo, hukojoa mahali pasipofaa, au hulamba tumbo lake mpaka manyoya yanatoka.

Dalili hizi zinakuambia kwamba kuna kitu. Hazikuambii ni kitu gani. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Jiulize: Alianza lini? Nini kilibadilika nyumbani siku hizo? Nani alimshika mara ya mwisho? Alikula nini?

KWANZA LINDA WATU

Kabla ya kufikiri juu ya paka, fikiri juu ya watu wa nyumbani.

Ugonjwa wa kichaa, ambao wengi tunauita kichaa cha mbwa, huwapata paka pia. Paka mwenye kichaa huweza kubadilika ghafula. Mpole huwa mkali na huwarukia watu bila sababu. Mate humtoka. Hushindwa kumeza. Huyumba anapotembea. Sauti yake hubadilika. Mwingine hawi mkali, bali hulegea na kujificha tu.

Ukiona dalili kama hizo, usimshike. Waondoe watoto. Ukiweza kumfungia ndani ya chumba bila kumgusa, fanya hivyo. Kisha mwite mtaalamu wa mifugo mara moja.

Mtu akiumwa au akiparuliwa na paka wa namna hiyo, fanya haya:

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa muda wa dakika 15. Usipake udongo, pilipili, tumbaku wala mafuta. Kisha nenda zahanati siku ile ile. Usingoje kuona kama paka atakufa. Ukiandikiwa sindano za chanjo, zimalize zote, hata kama jeraha limepona.

Chanjo ya kumkinga mtu aliyeumwa ilitumiwa mara ya kwanza mwaka 1885 na Louis Pasteur wa Ufaransa, kwa mtoto aliyeumwa na mbwa. Mtoto huyo alipona. Tangu hapo chanjo zimeboreshwa sana. Lakini chanjo husaidia kabla ya ugonjwa kuanza. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana tunasema nenda siku ile ile.

Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa kijijini, uliza kama paka naye atachanjwa. Paka huweza kuanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi 3. Mbebe ndani ya tenga lenye kifuniko, usimbebe mikononi katikati ya mbwa.

HUENDA SI HOFU, NI UGONJWA AU SUMU

Yako mambo matatu ambayo watu huyadhania kuwa hofu, kumbe ni hatari ya kifo.

La kwanza ni mkojo kuziba. Paka dume huchuchumaa mara nyingi kama anayetaka kukojoa. Hulia. Hujilamba chini. Lakini mkojo hautoki, au hutoka matone tu. Watu husema, "Paka amekuwa mchafu, anachuchumaa kila mahali." Kumbe njia ya mkojo imeziba. Asiposaidiwa anaweza kufa katika siku 2 au 3. Huyu ni wa kupelekwa kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

La pili ni dawa ya kupe. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe na za kuua viroboto vya mbwa zina sumu inayomdhuru paka. Mtu huona paka ana viroboto, akachukua dawa iliyobaki ya josho na kumpaka. Baada ya muda paka hutetemeka, huruka-ruka, na kupata degedege. Watu husema ana hofu au ana pepo. La, amepewa sumu. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, mkaushe, mfunike apate joto, na mpeleke kwa mtaalamu haraka.

La tatu ni sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye huweza kudhurika. Sumu nyingine humfanya atoke damu ndani ya mwili. Hulegea, huwa mweupe ndani ya midomo, na hujificha. Ukiwa na paka nyumbani, usitege sumu ya panya. Huwezi kuweka mlinzi na sumu pamoja.

Angalia pia kama anakula. Paka mwenye hofu akikataa chakula kabisa kwa siku 2 au 3, ini lake huweza kuharibika, hasa akiwa paka mnene. Usiseme, "Akisikia njaa atakula." Tafuta msaada.

DAWA ZA WATU HUUA PAKA

Sasa tuzungumze juu ya kile kidonge.

Nyumba nyingi zina parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol. Mtu akiumwa kichwa humeza vidonge 2, akalala, akapata nafuu. Kwa hiyo huona kwamba kidonge hicho ni kitu chepesi. Akimwona paka anahangaika, humpa nusu ili atulie.

Mwili wa paka si kama mwili wa mtu. Ini la mtu huweza kuibadili parasetamoli na kuitoa mwilini. Ini la paka haliwezi kufanya kazi hiyo vizuri. Kwa hiyo dawa hugeuka sumu ndani yake. Huharibu damu, na damu hushindwa kubeba hewa. Ufizi wa paka hugeuka rangi ya kahawia au ya buluu. Uso na miguu huvimba. Paka huhema kwa shida, kisha hufa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua. Hata nusu yake huweza kumwua.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mzima ana uzito wa kilo 60. Paka ana kilo 4. Gawanya 60 kwa 4. Utapata 15. Yaani mtu huyo mmoja ana uzito wa paka 15. Basi kidonge cha mtu mmoja ni kingi sana kwa paka mmoja.

Lakini angalia! Usiseme, "Basi nitakigawa kidonge mara 15." Hesabu hiyo haisaidii hapa. Kwa parasetamoli hakuna kipimo cha nyumbani kilicho salama kwa paka. Tatizo si uzito tu. Tatizo ni ini.

Dawa nyingine ni hizi:

Aspirini hukaa mwilini mwa paka kwa muda mrefu sana kuliko mwilini mwa mtu. Ukimpa leo na kesho, sumu hujikusanya.

Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za paka.

Diazepamu ni dawa ya usingizi na wasiwasi kwa watu. Katika miaka ya 1990 waganga wa wanyama walieleza habari za paka walioharibika ini na kufa baada ya kupewa diazepamu kwa mdomo kwa siku kadhaa. Usimpe paka dawa ya usingizi ya mtu yeyote.

Pombe na bangi pia ni sumu kwa paka. Paka aliyelewa hakutulia. Ameumizwa.

Kitunguu maji na kitunguu saumu ni chakula kizuri kwa watu. Kwa paka huharibu damu. Usimpe kama dawa.

Kama paka amekwisha kula kimojawapo cha vitu hivi, usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu ili atapike. Chukua pakiti ya dawa hiyo, nenda nayo kwa mtaalamu wa mifugo upesi. Mweleze ukweli. Akijua amekula nini, ataweza kusaidia.

VITULIZI VYA MADUKANI NI NINI?

Katika nchi kama Marekani, Uingereza na Ufaransa, watu wengi hufuga paka ndani ya nyumba. Paka hao huwa peke yao mchana kutwa. Wengi hupata wasiwasi. Kwa hiyo maduka huko huuza vitu vya kutuliza paka. Huenda ndugu yako wa mjini akakuletea kopo moja, au ukaviona katika duka la dawa za mifugo. Ni vizuri ujue ni vitu gani.

Vingi vya vitu hivi si dawa. Ni nyongeza za chakula. Katika nchi nyingi nyongeza za chakula hazipitii ukaguzi mkali kama dawa. Maneno mazuri juu ya kopo si ushahidi.

Kimoja hutengenezwa kwa protini ya maziwa ya ng'ombe. Wataalamu huchukua protini hiyo, huikata katika vipande vidogo sana, na kipande kimojawapo huonekana kutuliza. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa waliandika juu ya majaribio waliyofanya kwa paka 34. Majaribio hayo yalichukua siku 56. Paka wengine walipewa protini hiyo. Wengine walipewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na kazi.

Kwa nini walifanya hivyo? Fikiri juu ya shamba la mfano. Bwana shamba hutia mbolea upande mmoja, na upande wa pili hatii. Kisha hulinganisha mavuno. Bila upande wa pili, huwezi kujua kama mahindi yamekua kwa sababu ya mbolea au kwa sababu ya mvua. Paka naye huweza kutulia mwenyewe kadiri siku zinavyopita. Kwa hiyo ni lazima kulinganisha.

Paka waliopewa protini walionekana kutulia zaidi kuliko wenzao. Hiyo ni habari njema. Lakini paka 34 ni wachache, na siku 56 ni karibu miezi 2. Kitu hicho si cha kumtuliza paka usiku mmoja.

Je, basi umpe paka maziwa mengi ili atulie? La. Maziwa ya kawaida hayana kazi hiyo. Tena paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari iliyomo katika maziwa. Huharisha.

Kitu cha pili hutoka katika majani ya chai. Huitwa theanini. Wataalamu wa Japani walikitambua mwaka 1949. Kwa paka, majaribio yake ni machache bado. Je, umpe paka chai? La, hata kidogo! Chai na kahawa zina kafeini, nayo huuharakisha moyo wa paka na huweza kumdhuru. Theanini iliyotengwa na kikombe cha chai ni vitu viwili mbalimbali.

Kitu cha tatu ni harufu. Umeona paka akisugua shavu lake kwenye mlango au mguu wako? Anaacha harufu ambayo wewe huisikii. Kwake ni kama kusema, "Hapa ni kwetu, hapana shida." Tangu miaka ya 1990 viwanda vimetengeneza harufu inayofanana na hiyo, nayo hupulizwa nyumbani. Paka wengine hupata nafuu, wengine hawapati.

Kitu cha nne ni mimea. Uko mmea mmoja wa Ulaya na Asia, wa jamii ya mnaa, ambao paka huupenda. Huunusa, hugaagaa, kisha hupumzika. Karibu paka 2 katika kila 3 hufanya hivyo. Mmoja haoni kitu. Furaha hiyo hudumu dakika chache tu, na haiondoi kinachomtisha. Mizizi ya mmea mwingine uitwao valeriani huwatuliza watu kidogo, lakini paka wengi huchangamka wanapounusa. Unaona? Kinachomtuliza mtu huweza kumchangamsha paka.

Ziko pia dawa halisi za hofu ya paka. Kwa mfano, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo pregabalini kwa paka wanaoogopa safari na kupelekwa kwa mganga. Hiyo hutolewa na mganga wa wanyama baada ya kumpima paka na kumpima uzito. Usinunue mwenyewe, na usitumie ile ya watu.

Basi tukumbuke jambo moja. Kama mbwa wa jirani anaingia kila usiku kumkimbiza paka wako, hakuna kidonge kitakachomzuia mbwa huyo. Ukimpa paka kitulizi na mbwa akaendelea kuja, umetupa fedha. Ukiziba pengo la uani, huenda usihitaji kitulizi chochote.

MAMBO UNAYOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Tiba kubwa ya hofu ya paka haiuzwi. Utaifanya kwa mikono yako.

1. Mpe mahali pa kujificha. Chukua kikapu kikuukuu au sanduku. Weka kitambaa ndani. Kiweke mahali pa juu kidogo, ambapo mbwa na watoto hawafiki. Paka akiwa juu huona kila kitu, na hofu hupungua.

2. Usimvute. Paka akijificha, mwache. Ukimtoa kwa nguvu, unamfundisha kwamba hata maficho si salama. Kaa karibu kimya. Weka chakula. Ngoja aje mwenyewe.

3. Usimpige. Paka akikojoa ndani na ukampiga, haelewi kosa lake. Anaelewa tu kwamba mtu ni hatari. Kesho atakojoa tena kwa hofu. Osha mahali hapo vizuri kwa sabuni na maji mpaka harufu iishe. Kisha mwekee mchanga au majivu yaliyopoa katika karai, mbali na chakula chake.

4. Mlishe kwa saa ile ile. Watu wengine husema paka akishiba hakamati panya. Si kweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, kwa maana kuwinda ni tabia yake. Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wake unahitaji nyama au samaki. Asipopata, macho na moyo wake huweza kuharibika. Dagaa wachache wasio na chumvi nyingi, vichwa vya samaki na mabaki ya nyama humfaa. Mpe na maji safi kila siku.

5. Mhamishe kwa utaratibu. Usimtie paka ndani ya gunia. Hewa ni kidogo, joto ni kali, na hofu ni kubwa. Tumia tenga lenye kifuniko. Weka ndani kitambaa alichozoea kulalia. Funika tenga kwa kanga ili asione kila kinachopita, lakini acha nafasi ya hewa. Mkifika, mfungie katika chumba kimoja pamoja na chakula, maji na karai la mchanga. Mkalishe ndani wiki 2 au 3. Kisha mfungulie kabla ya saa ya kula, ili njaa imrudishe.

6. Tumia harufu yake mwenyewe. Chukua kitambaa safi, kisugue taratibu kwenye mashavu ya paka akiwa ametulia. Kisha kisugue kitambaa hicho kwenye miguu ya kitanda na milango ya nyumba mpya. Huigharimu hata senti moja.

7. Wafundishe watoto. Mtoto asimguse paka anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Asimshike mkia. Paka akipiga-piga mkia na kulaza masikio, anasema, "Niache." Mtoto akijua lugha hiyo, ataepuka kuumwa.

8. Uliza juu ya kuhasi. Paka dume wanaopigana usiku hurudi na majeraha na hofu. Mtaalamu wa mifugo akimhasi dume, mapigano hupungua. Usimhasi mwenyewe kwa wembe.

ANZA MAPEMA, ANGALI MDOGO

Kinga ni bora kuliko tiba. Paka hujifunza kuwaamini watu akiwa mdogo sana, kati ya wiki ya 2 na wiki ya 7 tangu kuzaliwa. Katika wiki hizo, mshike taratibu kila siku, dakika chache tu. Watu mbalimbali wamshike: mama, baba, na watoto wakubwa. Asikie sauti za nyumbani, sufuria, kuku na redio.

Usimtenge na mama yake kabla ya wiki 8. Paka aliyetengwa mapema mno huweza kukua na woga au ukali. Jirani akikuomba paka, mwambie asubiri. Naye atapata paka mwema zaidi.

KWA KIFUPI

Paka akibadilika, usikimbilie kidonge. Kwanza walinde watu. Pili, uliza kama ni ugonjwa au sumu. Tatu, tafuta kinachomtisha, ukiondoe. Kama bado anahangaika, nenda kwa mtaalamu wa mifugo. Yeye ndiye atakayekuambia kama kitulizi kitafaa, cha aina gani, na kwa siku ngapi. Sanduku la dawa za watu liwe la watu tu, tena liwekwe mbali na watoto na mbali na paka.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kitulizi: kitu kinachopunguza hofu au wasiwasi.
Nyongeza ya chakula: kitu kinachoongezwa katika chakula, lakini si dawa.
Ini: sehemu ya mwili inayosafisha sumu katika damu.
Kuhasi: kuondoa uwezo wa mnyama dume wa kuzalisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja mambo matano yanayoweza kumtia paka hofu nyumbani kwako.
2. Kwa nini parasetamoli inayomsaidia mtu humwua paka?
3. Paka amemwuma mtoto wa jirani. Eleza hatua utakazochukua, moja baada ya nyingine.
4. Paka dume anachuchumaa mara nyingi lakini hakojoi. Utafanya nini, na lini?
5. Hesabu: Mtu ana uzito wa kilo 72. Paka ana kilo 3. Mtu huyo ana uzito wa paka wangapi? Je, hesabu hiyo inakuruhusu kumpa paka kipande cha kidonge cha mtu? Eleza kwa nini.